Nani Anashika Hesabu ya Jua?

Kaskazini mwa jiji la Mérida, katika rasi ya Yucatán nchini Mexico, yapo magofu ya Wamaya yaitwayo Dzibilchaltún. Mara mbili kwa mwaka, Machi na Septemba, inapofika ikwinoksi, yaani siku ambayo mchana na usiku hukaribia kabisa kulingana, watu hudamka gizani na kujipanga juu ya barabara ya kale ya mawe meupe, nyuso zao mashariki. Mbele yao limesimama Hekalu la Wanasesere Saba, lililojengwa yapata mwaka 700 na kupewa jina hilo baada ya wachimbaji wa Chuo Kikuu cha Tulane kukuta ndani yake, miaka ya 1950, sanamu saba ndogo za udongo. Hekalu lina mlango upande wa mashariki na mwingine upande wa magharibi, na jua likichomoza mwanga wake hupenya katikati ya milango hiyo miwili. Katika umati hawakosekani wanafunzi wa kigeni waliokuja Mérida kwa muhula mmoja. Warudipo kwao, asubuhi hiyo ndiyo wanayoisimulia kwanza.

Kisesa, mashariki mwa jiji la Mwanza kwenye barabara ya kwenda Musoma, jua la siku hiyohiyo ya Machi huchomoza saa kumi na mbili na dakika kama hamsini. Wachuuzi wamekwisha kutandaza bidhaa, watoto wako njiani kwenda shule, na mwenye shamba anayaangalia mawingu yanayotoka ziwani kwa makini kuliko anavyoliangalia jua. Hakuna anayesimama kulisubiri.

Anayezilinganisha asubuhi hizi mbili harakaharaka huangukia moja ya makosa mawili. La kwanza ni la zamani: kudhani kwamba watu wasioacha mnara wa mawe hawakuwa na hesabu ya mbingu. La pili tunalifanya sisi wenyewe tukijaribu kulijibu la kwanza: kuzunguka Afrika Mashariki tukisaka piramidi yetu, na tukipata mawe yaliyosimama tunayavisha elimu ya nyota kabla hatujayauliza yalisimamishwa kwa kazi gani. Mimi naona mawe yanayolielekea jua ni ya kupendeza, lakini hayatoshi kuwa kipimo. Swali lenye uzito ni nani anashika hesabu, na akishaipata anawakusanya watu kwa lipi. Kwa kipimo hicho Kisesa ina la kusema, na mojawapo linashangaza: sherehe yake kubwa kuliko zote imefungwa kwenye ikwinoksi tangu ilipoanzishwa.

Tuanze na anga. Mtu angeweza kudhani kwamba watu wa karibu na ikweta hawalitazami jua kwa sababu kwao halitembei. Si kweli. Kisesa iko nyuzi kama 2 na nusu kusini ya ikweta, na sehemu ya upeo ambako jua huchomoza husafiri kutoka kaskazini ya mashariki mwezi Juni hadi kusini ya mashariki mwezi Desemba, jumla ya nyuzi karibu 47. Huko Yucatán safari hiyo ni kama nyuzi 50. Mzee wa Kisesa anayekaa mahali pamoja na kutazama vilima vya mashariki angeweza kugawa mwaka kwa mawe ya vilimani sawasawa na kuhani wa Kimaya.

Tofauti iko kwingine. Yucatán mchana wa Juni unazidi saa 13 na wa Desemba haufiki 11. Kisesa, kati ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote, tofauti haifiki dakika 20. Ndiyo maana saa zetu za Kiswahili, zinazoanza kuhesabiwa jua likichomoza, zinatufaa mwaka mzima: hapa mapambazuko hayahami zaidi ya nusu saa hivi. Mchana na usiku vinapolingana kila siku, siku ya kulingana haina la kumwambia mkulima. Habari ya mkulima ni mvua. Jua hupita utosini mwa Kisesa yapata tarehe 14 Machi na tena mwishoni mwa Septemba, siku ambazo mti ulionyooka unakosa kivuli mchana, na mvua huja ikilifuata jua hilo kwa nyuma, wiki kadhaa baadaye. Kwa hiyo dalili za maana zilitafutwa kwenye upepo, kwenye miti, na kwenye kundi la nyota la Kilimia, ambalo mnamo Novemba huonekana mashariki mara tu giza linapoingia, wakati uleule majembe yanapoanza kazi Usukumani, nchi ya Wasukuma ilimo Kisesa.

Sasa turudi kwa Wamaya, maana nao wanasimuliwa vibaya. Piramidi ya Kukulkan iliyoko Chichén Itzá ina ngazi 91 kila upande. Mara 4 ni 364, na ukiongeza jukwaa la juu unapata 365. Alasiri za karibu na ikwinoksi, kingo za madaraja yake hutupa kivuli kwenye ukuta wa ngazi ya kaskazini, zikaonekana pembetatu za mwanga zikishuka hadi kwenye kichwa cha nyoka kilichochongwa chini. Maelfu huja kumwona nyoka huyo. Lakini umati huo ni wa juzi: ulianza kukua katika miaka ya 1970 na 1980, baada ya piramidi kukarabatiwa na barabara na hoteli kufika. Nyoka mwenyewe haonekani siku moja tu, huonekana kwa wiki kadhaa kabla na baada. Mwanaakiolojia Ivan Šprajc, aliyepima mamia ya majengo ya kale katika eneo hilo, ameandika kwamba ushahidi wa Wamaya kuijengea ikwinoksi yenyewe ni hafifu. Tarehe nyingi ambazo majengo yao yanazielekea zinafuata mzunguko wa kilimo na vipindi vya siku 13 na 20.

Na hapo ndipo ukubwa wa Wamaya ulipo. Walikuwa watu wa hesabu kwanza, mawe baadaye. Walikuwa na duru ya siku 260, na mwaka wa siku 365 uliogawanywa katika miezi 18 ya siku 20 pamoja na siku 5 za mwisho. Duru hizo mbili zilirudi kukutana kila baada ya miaka 52. Kitabu chao kilichohifadhiwa mjini Dresden kina majedwali ya sayari ya Zuhura yaliyofanyiwa masahihisho kwa vizazi. Mwaka wao wa siku 365 haukuwa na siku ya kuongezwa kila baada ya miaka minne, kwa hiyo ulikuwa ukiteleza polepole dhidi ya jua, na ikwinoksi haikuwa na tarehe yake ya kudumu ndani yake. Walijua jua liko wapi. Hawakuona haja ya kuilazimisha kalenda ilifuate.

Mwaka wa namna hiyo tunao kwetu. Kalenda ya zamani ya Waswahili, iliyotoka Uajemi na kuitwa ya Nairuzi, nayo ni ya siku 365 bila nyongeza. Imegawanywa katika miongo 36 ya siku kumi kumi, kisha zinabaki siku 5. Wamaya 18 mara 20 na 5. Waswahili 36 mara 10 na 5. Hakuna aliyemwiga mwenzake. Ni hesabu ileile ya jua iliyokatwa kwa visu viwili. Manahodha wa pwani waliitumia miongo kujua lini kaskazi itaanza kulegea na lini kusi itachafua bahari, kazi ambayo mwaka wa mwezi mwandamo hauwezi kuifanya kwa kuwa huhama siku 11 hivi kila mwaka.

Nowruz, mwaka mpya wa Wairani, bado huanza kwenye ikwinoksi ya Machi. Ya kwetu, kwa kukosa nyongeza, imetangatanga hadi Julai, na huko Makunduchi, kusini mwa Unguja, inaitwa Mwaka Kogwa. Wanaume hupigana kwa migomba ili kinyongo cha mwaka kitoke mwilini, kibanda huchomwa moto, watu huoga baharini na wageni hulishwa. Mwamaya aliyeziogopa siku zake 5 za mwisho, akizihesabu kuwa za nuksi, angeielewa vizuri sana haja ya watu wa Makunduchi ya kumaliza ugomvi kabla ya kuvuka mwaka. Lakini sherehe yao haihitaji jua lisimame popote. Inahitaji wazee wanaokubaliana kwamba mwaka umeisha.

Kenya inatupa onyo. Karibu na Kalokol, magharibi mwa Ziwa Turkana, kuna nguzo 19 za mawe ya basalti mahali paitwapo Namoratunga. Mwaka 1978 watafiti Lynch na Robbins waliandika katika jarida la Science kwamba nguzo hizo zilielekezwa kwenye nyota saba ambazo wafugaji wa Kiborana huzitumia katika kalenda yao, na kwamba zilikuwepo yapata miaka 300 kabla ya Kristo. Habari ilienea haraka, na hadi leo husimuliwa kama jambo lililothibitika. Mwaka 1982 Robert Soper alipima upya na kuonyesha kuwa mawe ya basalti yana usumaku unaoweza kuipotosha dira. Baadaye uchimbaji kwenye nguzo za jamii hiyohiyo, hasa Lothagam Kaskazini, ulifichua makaburi makubwa ya wafugaji wa miaka kama 5,000 iliyopita. Nguzo zilisimama juu ya wafu.

Kilichosahauliwa katika mabishano hayo ni kwamba hesabu ya Waborana haikutegemea mawe kuthibitishwa. Asmarom Legesse aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1973 juu ya Gada, mfumo wao wa marika: miezi 12 ya mwezi mwandamo, majina 27 ya siku, na wataalamu wanaotazama mwezi ukipita karibu na nyota fulani. Jua halimo kabisa. Ni kalenda inayokaa kichwani mwa watu walio hai na kuhama nao malishoni. Mtu akihangaika kuipatia magofu anaipunguzia heshima.

Tukiwa na mifano hiyo mkononi, twende Bujora, kilima chenye mawe hapo Kisesa. Katika miaka ya 1950 Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Quebec nchini Kanada, alijenga hapo kanisa linalofuata umbo la nyumba ya Kisukuma, na pembeni yake ikakua Makumbusho ya Wasukuma, ambako ngoma na viti vya watemi vimehifadhiwa. Kutokana na maandamano ya sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, ambayo njia yake ilipambwa kwa maua, ikazaliwa Bulabo, mashindano ya ngoma ambayo kila mwaka huvuta watu kutoka pande zote za Usukuma.

Sasa tazama jinsi tarehe inavyopatikana. Kanisa huadhimisha Pasaka Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza unaoangukia tarehe 21 Machi au baada yake, na tarehe hiyo 21 Machi ni ikwinoksi ya hesabu za Kanisa. Siku 60 baada ya Pasaka ni Alhamisi ya Mwili na Damu ya Kristo. Mwaka 2025 Pasaka ilikuwa 20 Aprili, sikukuu ikawa 19 Juni. Mwaka 2026 Pasaka ni 5 Aprili, sikukuu ni 4 Juni. Haiwezi kutangulia 21 Mei wala kupita 24 Juni. Kwa maneno mengine, manju wa Kisukuma anayewanoa wachezaji wake kwa ajili ya Bulabo ananoa kwa ratiba iliyoanzia kwenye ikwinoksi, ikapita kwenye mwezi mpevu, ikasubiri Jumapili, kisha ikahesabiwa siku 60 mbele. Huko Yucatán umati hulitazama jua la Machi lakini hauna la kufanya nalo kesho yake. Kisesa hakuna anayelitazama, ila miezi miwili au mitatu baadaye wilaya nzima inacheza kwa hesabu yake.

Ingekuwa ni amri ya Kanisa tu, isingedumu. Ilidumu kwa sababu iliangukia mahali palipokuwa tayari. Mwishoni mwa Mei na mwezi Juni mvua imekata, mtama na mahindi vimeingia ghalani, pamba inavunwa, na ndipo tangu zamani msimu wa mbina, yaani ngoma za ushindani, unapofunguka. Wagika na Wagalu, pande mbili zinazosemekana kuanzishwa na Ngika na Gumha katika karne ya 19, walikuwa wakishindana muda mrefu kabla ya Clement kufika. Clement alikuta watu wenye kalenda yao ya mavuno, akaiegesha sikukuu yake pembeni.

Kuna nyoka pia. Chichén Itzá anashuka nyoka wa kivuli, na watu wanamngoja wametulia. Bujora anatolewa chatu mzima, mzito, shingoni mwa mchezaji, kwa kuwa Usukumani kuna vyama vya wataalamu wa nyoka, Bayeye, wenye dawa za sumu na siri za kumshika mnyama huyo. Mchezaji anambusu, anamzungusha, anajiangusha naye vumbini. Yote hayo ana sababu ya kuyafanya: upande wa pili wa uwanja kundi jingine linacheza saa hiyohiyo, na ushindi ni wa yule anayewavuta watazamaji wengi. Watu wanatembea kwa miguu yao kutoka huku kwenda kule, na kutembea kwao ndiko kura. Ndiyo maana makundi huja na mavazi mapya, mbinu mpya, na dawa za kuvuta watu.

Hapa tofauti ya mapokeo haya mawili inaonekana wazi kuliko kwenye mawe. Umati wa piramidi unashuhudia jambo ambalo litatokea hata usipokuwepo. Umati wa Bujora ukiondoka, jambo lenyewe halipo. Wa kwanza unaonyeshwa kwamba mbingu ina utaratibu. Wa pili unapewa madaraka ya kuamua. Sina haja ya kumtangaza mshindi, lakini tusiuite ule wa kwanza ustaarabu na huu wa pili burudani.

Historia ya Kanisa imeyagusa mapokeo yote mawili, na kwa mikono tofauti. Tarehe 12 Julai 1562, mjini Maní huko Yucatán, Mfransisko Diego de Landa alivitia moto vitabu vya Wamaya kwa kuwa aliviona ni vya shetani. Miaka 20 baadaye, mwaka 1582, Papa Gregori XIII alilazimika kufuta siku 10 kwenye kalenda ya Kanisa lenyewe, kwa sababu ikwinoksi ilikuwa imeteleza na Pasaka ilikuwa inapotea. Wachomaji wa majedwali ya nyota walikuwa wa Kanisa ambalo hesabu yake ya jua ilikuwa na kasoro. Miaka karibu 400 baadaye, padre wa Bujora aliokota na kuhifadhi. Hata hivyo, kuhifadhi nako kuna gharama zake. Mwaka 1963 serikali ilifuta utawala wa watemi, na ngoma zilizokuwa zikipigwa kwa sababu, mojawapo ikiwa kuombea mvua na kufungua msimu wa kupanda, sasa zinapigwa kwa ajili ya wageni au zimenyamaza ndani ya makumbusho. Chombo kimebaki na aliyejua siku ya kukipiga ameondoka.

Hesabu haikupotea, imehama mikono. Utabiri wa vuli na masika sasa hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa, Bulabo hupangwa na parokia, makumbusho na viongozi wa ngoma, na miaka mingine mfadhili naye ana neno lake. Hilo halina ubaya, mradi tujue. Tatizo linaanza pale tarehe inaposogezwa ili imfae mfadhili na hakuna anayekumbuka kwamba ilikuwa na mizizi katika mavuno, mwezi na jua. Sherehe ya namna hiyo inaweza kuhamishiwa mwezi wowote, na ikifika hapo itakuwa tamasha kama mengine.

Kwa hiyo kijana wa Mwanza akipata nafasi ya kusoma Mérida, aende, na asubuhi ya Machi adamke na wenzake aende Dzibilchaltún. Ataona kitu kizuri. Akirudi asihangaike kutafuta hekalu Usukumani. Kuna kazi ya haraka zaidi: wazee waliojua Kilimia kinasema nini juu ya mbegu wanapungua, na ujuzi wao haujaandikwa kwa ukamilifu. Pa kuuandikia papo: Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kiko Nyegezi, hatua chache kutoka ziwani. Shule za Kisesa ziko chini ya kilima chenyewe, na mwalimu wa jiografia anahitaji fimbo moja tu iliyonyooka ili wanafunzi wapime kivuli kikipotea katikati ya Machi. Kijana huyo akitaka pa kuanzia, aende uwanjani wakati wa Bulabo aulize ni nani aliyesema iwe wiki hii na si nyingine. Akifuata majibu moja baada ya jingine, kwa katekista, kwa manju, kwa bibi mwenye ghala la mtama, atajikuta amefika Machi.